Ripoti ya Kwanza ya Ruphin

3 Novemba

Mke wangu Adrienne ameondoka leo asubuhi na boti ya kwenda Moba. Amebeba masufuria, mbegu za maharagwe na cherehani yake, akaniachia kitanda, meza na agizo moja: yale maneno ninayomsimulia kila jioni tukila, sasa niyaandike. Anasema simu ya kule mlimani inakatika kila mara, na yeye hana nguvu ya kupanda kilima kutafuta mtandao ili asikilize habari za vidonda vya watu. Basi naandika.

Kazi yangu ni hii. Daktari wa upasuaji hukata kipande cha uvimbe, hukitia ndani ya formoli ili kisioze, hukileta maabara. Sisi tunakigandisha ndani ya nta, tunakikata kiwe chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunakibandika juu ya kioo na kukipaka rangi, kisha tunakitazama kwa hadubini na kusema ni nini. Mgonjwa hatujui sisi. Anamjua daktari aliyemkata. Lakini neno linaloamua kama atapoteza titi lake au atarudi nyumbani na vidonge linatoka kwenye chumba chetu.

Nimeifanya kazi hii katika mji huu tangu nikiwa na nywele nyeusi. Sasa macho yamechoka, na magoti pia. Kitivo cha tiba kimenitumia asistanti wawili, madaktari wanaomaliza mafunzo yao, wapitishe hapa masika, majira yetu ya mvua. Mwisho wa Aprili nitawapa alama. Éliane ni mtoto wa Lubumbashi, hodari, na hajaficha kwamba akimaliza hatakaa Kalemie hata wiki moja. Ruphin amezaliwa hapa hapa, mke wake anafundisha sekondari, anataka kubaki. Akifaulu, atakaa kwenye kiti changu, nami nitapanda boti kumfuata Adrienne. Asipofaulu, hakuna mtu. Vipande vitakuwa vinapelekwa Lubumbashi kwa ndege na kukaa huko mpaka wagonjwa wachoke kungoja. Hilo siwezi kuliacha nyuma yangu, kwa hiyo mimi ndiye nitakayebaki.

Naliandika wazi ili nisijidanganye baadaye: nataka Ruphin afaulu.

Mvua imeanza.

6 Novemba

Umeme hakuna. Hatukufanya kitu.

11 Novemba

Adrienne aliwahi kuniuliza ninampimaje asistanti, kama ni kwa maswali. Maswali hayasaidii sana. Anayesoma vitabu atayajibu. Mimi hukaa naye kwenye hadubini yenye viti viwili, mimi huku, yeye kule, tukitazama kitu kimoja. Namwacha asogeze kioo mwenyewe, nami nanyamaza. Asistanti mbaya hukimbilia palipo na rangi kali. Mzuri hutembea pembezoni kwanza, kama mtu anayetaka kununua shamba, halafu ndipo anaingia katikati. Éliane hutembea hivyo. Ruphin naye hutembea hivyo, ndiyo maana sielewi kinachompata akishika kalamu.

Hapa kwetu ripoti ni mbili. Umeme ni wa kubahatisha na mimi ni mmoja, kwa hiyo asistanti akishasoma kioo anaandika ripoti ya kwanza, anaisaini, inakwenda upasuaji siku hiyo hiyo. Mimi nasoma baadaye na kutoa ripoti ya mwisho. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kipimo changu kikubwa. Za Éliane na zangu zinafanana mpaka naona aibu kulipwa. Za Ruphin zimeanza kunipa wasiwasi. Anaandika "uvimbe wa kawaida, uendelee kuangaliwa," nami nikitazama nakuta saratani imekaa wazi kama ng'ombe katikati ya barabara.

Kitivo kimeleta fomu yenye visanduku. Kuna kisanduku cha maarifa, cha nidhamu, na kimoja cha mahusiano na wenzake, ambacho kwa Éliane sijui nitajaza nini. Jana alimwambia fundi wa maabara kwamba rangi yake ya vioo inafanana na supu.

Kweli ilifanana na supu.

19 Novemba

Mvua. Maji yameingia tena kwenye nyumba za chini, karibu na ziwa. Wagonjwa wachache.

2 Desemba

Daktari Fidèle, mkuu wa upasuaji, amekuja mwenyewe maabara na viatu vyake vya matope, akakaa juu ya meza yangu. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi na anatania kwa sauti ya kusikika hospitali nzima.

"Muzee Kalenga," akasema, "huyu mutoto wako siku moja atakutana na mamba, atasema ni mujusi, turudi kumuangalia kisha miezi mitatu."

Ruphin alikuwepo. Alicheka pamoja nasi, kwa heshima, akainamisha kichwa. Fidèle alipoondoka nilimketisha kijana nikamfundisha upya, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: namna kiini cha seli kinavyokuwa kikubwa na cheusi, namna seli mbaya zinavyovunja mpaka na kuingia kwa jirani. Alasiri nzima. Alisikiliza, aliitikia "ndiyo, Papa" mahali panapotakiwa, akanishukuru. Nilimwona Éliane kule kwenye dirisha akimtazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nikadhani ni dharau.

Kwenye kisanduku cha uwezo wa kuona, kwa kalamu ya risasi, nimeandika: dhaifu.

9 Desemba

Nimekutana na mama mmoja kwenye baraza. Anaitwa Marceline, mjane wa Zongwe, amekuja kwa boti na ndoo ya ndagala, dagaa wa ziwani, za kuuza ili safari isiwe ya hasara. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto, na Fidèle alikuwa ametoka kumkata kipande. Mimi nilikuwa nimevaa mabuti ya mvua na nimeshika ufagio, nikisukuma maji yaliyoingia mlangoni, naye akanidhania mfagiaji.

"Papa, wewe unawajua," akasema. "Hawa wa kuangalia nyama, wanajua kazi?"

Nikamwambia wapo watatu, wawili vijana, mmoja amezeeka.

"Huyo muzee asiguse yangu," akasema. "Awaachie wenye macho."

Nikamwahidi. Aliniuliza pia kama jibu litachukua muda, maana ziwa mwezi huu halina urafiki na mtu na shamba lake la mihogo linamngoja. Kipande chake kilikwenda kwa Ruphin.

13 Desemba

Nimesoma kioo cha yule mama wa Zongwe. Saratani, haina ubishi. Ripoti ya kwanza ya Ruphin ilisema "mabadiliko ya tezi, hayana haraka, aangaliwe tena baada ya miezi mitatu." Nimeandika ripoti ya mwisho, nimeituma upasuaji. Nimechoka kusahihisha. Kesho kazi yangu itakuwa ileile.

20 Desemba

Formoli imebaki chupa moja. Mvua.

26 Desemba

Noeli nimekula kwa Fidèle. Adrienne alipiga simu kutoka kilimani, upepo ukimpigia kelele sikioni, akaniuliza kama nakuja kweli mwezi wa tano. Nikasema vijana wanaendelea. Akauliza tena. Nikasema tutaona. Simu ikakatika, na sikupiga tena.

8 Januari

Leo nitaandika kirefu, kwa sababu sijui namna nyingine ya kulitazama jambo hili.

Nilikuwa nimepanga kuwapa jaribio la siri. Nilichagua vioo kutoka kabati la zamani, vya watu ambao majibu yao nayajua kwa hakika kwa kuwa wagonjwa wenyewe waliyathibitisha, wengine kwa kupona, wengine kwa kufa. Nikachanganya na baadhi ya vioo vya masika haya ambavyo Ruphin aliviandika vibaya. Majina yote niliyaziba kwa karatasi. Lengo langu, niseme kweli, lilikuwa kumwona akishindwa kwa macho yangu, ili moyo wangu ukubali.

Éliane alitangulia. Alikosea kioo kimoja kigumu ambacho hata mimi kilinishinda zamani. Kisha akaja Ruphin, akakaa upande ule wa pili wa hadubini, akaanza.

Hakukosea hata kimoja. Kile kilichomshinda Éliane alikizunguka taratibu, akarudi, akakizunguka tena, akakitaja. Nilisahau kunyamaza; nilisema "vizuri" kwa sauti. Tukafika kwenye vioo vya masika haya. Aliweka kimoja, akakitazama, na mkono wake ukasimama.

"Hii njo kanseri, Papa," akasema pole pole. "Ya titi. Imeingia mpaka ndani ya mafuta."

"Unakijua hiki kioo?"

"Ni ya ule mama wa Zongwe."

Nikamwuliza alijua lini kwamba ni saratani. Akasema siku ile ile, kabla hajashika kalamu. Nikamwuliza kuhusu vingine. Vyote alivijua. Tangu Novemba hajawahi kukosea kuona. Alikuwa anaona, halafu anaandika kitu kingine.

Nilifikiri kuna mtu anayemtuma. Nilifikiri ni ugonjwa wa akili. Yeye alinitazama akishangaa kwamba sielewi.

"Papa, sikudanganya mutu. Nilijua ripoti yako inakuya nyuma. Ya kwanza ni ya kumukalisha mutu kwenye kiti. Ya pili njo ya kumuambia."

Akanieleza habari ya kifo cha baba yake. Alikuwa anasoma Lubumbashi. Mjomba alimpigia simu: baba anaumwa kidogo, panda treni uje. Safari ile ndefu, na kila kituo kikubwa simu ikilia. Walipofika Kabalo, mjomba akasema baba amezidiwa. Nyunzu, kwamba hasemi tena. Kila kituo kiliongeza uzito kidogo, na alipoona hapa stesheni dada zake wamesimama bila vitambaa kichwani, kama wafiwa, hakuna aliyehitaji kumwambia kitu. Baadaye alijua kwamba baba alikuwa amekwisha kufa kabla ya simu ya kwanza.

"Nilishuka nikiwa nimesimama kwa miguu yangu," akasema. "Wangeniambia yote mara moja, ningeanguka kule Lubumbashi, peke yangu, kwenye chumba ya wanafunzi. Mimi namushukuru mjomba mpaka leo. Hivi njo tunapashanaka habari. Na wewe, Papa, unajua."

Najua. Kifo cha mama yangu mwenyewe niliambiwa hivyo, kwa vipande, na watu wenye huruma. Wala si upumbavu. Mtu aliyebuni desturi hii alikuwa anaujua moyo wa binadamu. Na kwa wagonjwa wa mjini ilifanya kazi: Fidèle alisoma ripoti ya kwanza, akamwambia mgonjwa asiwe na haraka, siku chache baadaye ripoti yangu ikafika, mgonjwa akaitwa tena akiwa tayari ana wasiwasi, akaambiwa. Ruphin aliwaona wakitoka bila kuanguka. Akaona kwamba ni vizuri.

Lakini desturi ile inamtaka mtu aendelee na safari mpaka mwisho. Nilikumbuka mihogo iliyokuwa ikimngoja yule mama, nikamwambia:

"Mama Marceline alishuka Kabalo, Ruphin."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Alisimama, akakaa tena.

Tulikwenda pamoja kwa Fidèle. Ndivyo ilivyokuwa. Yule mama aliambiwa ripoti ya kwanza, akamshukuru Mungu, akauza ndagala zake na kupanda boti kesho yake. Ripoti yangu ilipofika hakukuwa na mtu wa kumpa, sikukuu zikaja, kila mmoja akadhani mwenzake amempata. Mimi nami ni katika hao. Titi likikatwa lazima lije maabara. Halikuja, wala sikuuliza.

Fidèle hakutania leo. Alimwuliza Ruphin swali moja tu: kama angekuwa mama yako, ungemwandikia nini? Ruphin akajibu kwamba hata mama yake angemwandikia vilevile. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

9 Januari

Simu ya Zongwe haipatikani. Tumempigia muuguzi wa kule, Consolate, mara nyingi. Mnara umeanguka au umelala.

12 Januari

Upepo. Boti hazitoki. Ruphin anakwenda bandarini asubuhi na jioni, anarudi amelowa. Hali chakula mbele yetu.

15 Januari

Boti moja imekubali kwenda, na Ruphin yumo. Sikumtuma. Nilimwuliza tu kama anajua atakachosema, akasema atakifikiria njiani. Nikamwambia asikifikirie sana.

Éliane amebeba kazi ya wote wawili bila kulalamika. Leo alasiri nilimwuliza kama alikuwa anajua. Akasema alijua tangu mwezi wa kumi na moja, maana walikuwa wanasoma vioo pamoja kabla ya kuandika, na alimwambia Ruphin aache.

"Na mimi hukuniambia."

"Papa, wewe unasemaka kila siku Ruphin njo atabaki hapa. Mimi mwenye kuondoka, ningesema nini? Mungefikiri ni wivu."

Yale macho yake ya dirishani hayakuwa dharau. Yalikuwa macho ya mtu anayeona kitu kinaanguka na mikono yake imefungwa. Nimempima masika yote kwa ulimi wake mkali, na kumbe mara moja aliponyamaza ndipo tulipomhitaji. Nadhani mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Kisha akaniuliza nitampa Ruphin alama gani. Nikamwambia ajaze rangi, kioo kinakauka.

17 Januari

Mvua siku nzima. Hakuna habari.

22 Januari

Wamefika. Mama Marceline alishuka kwenye boti na mkoba, kuku mmoja na mdogo wake wa kike. Nilikwenda bandarini kuwapokea. Aliponiona akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye mabuti.

"Kumbe ni wewe huyo muzee," akasema.

Nikaomba radhi. Akasema hana kisa na mimi. Fidèle alimlaza mchana huo huo, nami nilikaa naye kidogo. Alizungumza bila haraka, akimwonyesha Ruphin kwa kidevu, naye Ruphin amesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

"Huyu alinifuata mpaka shambani, kwenye matope. Akasimama katikati ya mihogo, akasema yote mara moja, kama mutu anayetapika. Nikamuuliza, siku ile ulikuwa unaogopa nini? Akaniambia habari ya kukalisha mutu kwenye kiti. Mimi nimezika bwana na watoto wawili. Nilipanda lile shamba lote nikijua nitalivuna. Mungeniambia, ningebaki hapa, mudogo wangu angenifuata, shamba lingekaa. Mwenye kutaka kiti ni wewe."

Hili la mwisho aliambiwa Ruphin. Aliinamisha kichwa. Hakusema "ndiyo, Mama." Nadhani hilo lilikuwa afadhali.

Fidèle anasema uvimbe umekua, na kwapani kuna matezi magumu ambayo hakuyasikia mwezi wa kumi na mbili. Ruphin aliniuliza kama ni kwa sababu ya kuchelewa. Nilimweleza ukweli, kwamba hakuna hadubini inayoweza kusema saratani ilifika kwapani siku gani. Inawezekana ilikuwa huko tayari. Inawezekana haikuwa. Atakaa na hilo, nami nitakaa nalo.

29 Januari

Amekatwa titi. Ameamka vizuri, ameuliza kuhusu kuku wake.

6 Februari

Ruphin amesoma matezi ya kwapani. Saratani imo. Ripoti ya kwanza ameandika kama ilivyo, neno kwa neno sawa na yangu. Nilifurahi kiasi kwamba nilipanga kufuta lile neno "dhaifu" na kuandika kitu kizuri.

Nikasema basi akamwambie mwenyewe, pamoja na Fidèle, nami nisikilize. Hii nayo ni sehemu ya kumpima. Siku hizi nataka kuona mpaka mwisho wa njia. Alianza vizuri. Alimwambia titi limetoka lote na kidonda ni safi. Mama Marceline akamngoja amalize, kisha akauliza: "Na kwapani?"

Ruphin akanitazama mimi. Nilitazama dirishani.

"Kwapani," akasema, "Mama, tutaendelea kuangalia."

Tukatoka. Kwenye baraza sikumgombeza. Sina nguvu hiyo tena. Fidèle alipiga ulimi akaenda zake. Nilirudi maabara, nikakaa, na baada ya muda Éliane akaniambia Ruphin hayupo. Alikuwa amerudi wodini. Alimwambia yote, kwapani na dawa na safari ya Lubumbashi inayohitajika kwa ajili ya hizo dawa, na Mama Marceline alimwuliza kwa nini anatembea mara mbili kwa habari moja.

9 Februari

Mdogo wa Mama Marceline amekuja kuuliza mambo ya dawa. Aliomba azungumze na "ule mama mwenye kusema mara moja." Alimaanisha Éliane. Walikaa mlangoni muda mrefu, na nilimsikia Éliane akicheka, jambo ambalo sijalisikia masika haya.

Nimejaza kile kisanduku chake cha mahusiano.

3 Machi

Mvua. Mama Marceline amepelekwa Lubumbashi. Shemeji zake watavuna mihogo, wakipenda.

21 Machi

Nimehesabu moyoni ripoti za Ruphin tangu Januari. Nyingi ni nzuri. Lakini kila anapoujua uso wa mgonjwa, kalamu inalegea. Kwa kijana wa Nyunzu aliyelala wodini kitanda cha jirani na cha binamu wa Ruphin, aliandika "inafikiriwa" mahali ambapo hapakuwa na cha kufikiri. Nilipomwonyesha, alirekebisha papo hapo, akashukuru. Anarekebisha kila ninapokuwepo.

Nisipokuwepo je? Mwaka kesho kwenye kiti hiki hatakuwa na mtu nyuma yake mwenye ripoti ya mwisho. Ripoti yake ya kwanza ndiyo itakuwa ya mwisho.

14 Aprili

Mvua zinapungua. Fomu ipo mezani. Nimeijaza ya Éliane kwa dakika chache. Ya Ruphin naizunguka.

Najitetea kila namna. Kwamba ana jicho zuri kuliko lolote nililolifundisha. Kwamba alikwenda Zongwe katika upepo. Kwamba huruma haifundishwi na uandishi unafundishwa. Yote ni kweli. Kisha namkumbuka yule mama katikati ya mihogo, na najiuliza ni wangapi wataishi karibu vya kutosha kuifikia habari ya pili.

Fidèle anasema nimpitishe, wanadamu hujifunza kazini. Naye amechoka, anaogopa kubaki bila maabara.

28 Aprili

Nimemwita Ruphin. Mke wake alikuwa amemshonea shati jipya kwa ajili ya leo.

Nilikuwa nimepanga maneno. Ningeanza na masika yalivyokuwa magumu, kisha jicho lake, kisha kwamba kitivo kina masharti, kisha kwamba bado natafakari, na wiki ijayo tungezungumza tena. Nilikuwa nimefungua mdomo kuyasema nilipoyatambua. Kabalo, Nyunzu. Nilikuwa namkatia tiketi.

"Hukufaulu," nikasema. "Utarudia masika mengine hapa, na mimi. Unaona vizuri kuliko mimi. Kuandika ukweli mara ya kwanza, bado."

Alishika ukosi wa lile shati kama linambana.

"Papa," akasema baadaye, "ungeanza hata na yale mazuri."

"Mazuri nimeyasema. Yamekuja ya pili."

Hakucheka, nami sikutegemea acheke. Aliuliza kama anaweza kumwambia mke wake kwamba majibu hayajatoka. Nikasema hilo aamue mwenyewe, mimi simpimi nyumbani kwake. Alifika mlangoni, akageuka, akauliza kesho tunaanza saa ngapi. Nikamwambia saa ileile.

30 Aprili

Leo nimempigia Adrienne. Kwa bahati alikuwa kilimani, akiuza maharagwe, mtandao ukiwepo. Nilijikuta naanza kumwuliza habari za mvua za kule, za jirani, za mashine ya kushona, na nikajisikia. Nikasimama.

"Adrienne, sitakuja mwaka huu. Ruphin anarudia."

Upepo ulivuma kwenye simu. Nilidhani imekatika.

"Nilijua," akasema. "Ile chumba ya mbele yenye ilikuwa yako nilikwisha kumupa mwalimu wa primeri. Anakaa mule na bibi yake na watoto. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Nikamwuliza amempa tangu lini.

Akasema kwanza nimwambie magoti yangu yanaendeleaje.